Uliza Ujibiwe: Tuliolazwa Mbali na Nyumbani Tukiwa Watoto

Barua za mwezi huu zimetoka Mikindani, Lindi mjini, Masasi na Mtama, na zote zinahusu jambo moja: nyumba za watoto zilizojengwa zamani kando ya hospitali, hasa za misheni, kwa ajili ya watoto waliokwisha kuvuka hatari lakini hawajapata nguvu za kurudi kwao. Majina ya waandishi na ya vituo wanavyovitaja nimeyaondoa. Ninajibu kama muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika wodi za watoto za mikoa hii ya kusini, si kama mtaalamu wa magonjwa ya akili, na msomaji apime maneno yangu kwa kipimo hicho.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Newala, na sasa ninaishi Mikindani. Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi niliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Baada ya matibabu ya mwanzo hospitalini nilihamishiwa katika nyumba ya watoto ya misheni, mbali na kwetu, ili nipate nafuu. Ninakumbuka vitanda vya chuma vilivyopangwa barazani mbele ya miembe, plasta iliyonibana kuanzia kwapani hadi kiunoni, sindano za kila asubuhi, kijiko cha mafuta ya samaki, na sista mmoja aliyetuhesabu vichwa jioni kabla ya kushusha vyandarua. Zaidi ya yote ninamkumbuka mama amesimama getini, akanitazama, kisha akageuka na kuondoka bila kuniaga. Ninaamini nilikaa kule miaka mitatu, na kwamba mama alikuja mara ile moja tu. Mama yangu yu hai, anakaribia miaka themanini. Yeye anasema sikumaliza hata mwaka, kwamba alikuja kila alipopata gari, na kwamba hajawahi kumgeuzia mtoto wake kisogo. Dada yangu mkubwa anasema hayo ya getini niliyaota. Sitaki kumhuzunisha mama katika umri huu, lakini ile picha si ndoto. Nani kati yetu anasema kweli? Kwa nini tulilazwa chali miezi yote ile? Na je, ninaweza kulipata faili langu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile la kulazwa chali, kwa sababu ndilo lenye jibu lililonyooka, na kwa sababu litatusaidia tutakapofika getini.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo hula pingili mpaka zikaporomoka kuelekea mbele, na ndiyo maana mtoto aliyechelewa kutibiwa hubaki na kibiongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake haikuwepo dawa ya kuua vimelea vyenyewe. Kilichowezekana ni kumlaza mgonjwa, kumfunga asijipinde, kumlisha vizuri na kumweka penye hewa safi na jua. Huko Leysin, Uswisi, daktari Auguste Rollier alianza mwaka 1903 kuwaotesha jua watoto wenye kifua kikuu cha mifupa juu milimani, na utaratibu huo wa baraza, vitanda vya nje na mapumziko marefu ukaenea Ulaya. Kule Wales, nyumba ya Craig-y-nos, iliyokuwa kasri ya mwimbaji Adelina Patti, iligeuzwa hospitali ya kifua kikuu mwaka 1922 na ikapokea watoto hadi 1959. Waliolazwa pale wamesimulia uzeeni jinsi walivyolala nje barazani hata theluji ikawaangukia juu ya blanketi. Madaktari na masista wa Kizungu waliokuja kusini mwa Tanganyika walikuwa wamefundishwa katika fikra hizo hizo, na baraza yako ya mbele ya miembe ilitokana nazo.

Dawa zilipopatikana, streptomaisini mwaka 1943 na isoniazidi mwaka 1952, kitanda hakikuachwa mara moja. Uchunguzi uliofanywa Korea Kusini, katika miji ya Masan na Pusan, ambao matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 1973, ulionyesha kwamba wagonjwa wa uti wa mgongo waliomeza dawa huku wakitembea walipona sawasawa na waliolazwa, na kwamba koti la plasta halikuongeza faida yoyote. Habari za namna hiyo husafiri polepole kuliko homa. Hata hivyo nisingependa uondoke ukidhani kwamba ulifungwa bure, kwa maana kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikutoka Ulaya bali ilitokana na hali yetu wenyewe. Wakati ule tiba ilichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, na miezi ya mwanzo ilihitaji sindano kila siku. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na tiba fupi ya miezi minane ilienezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Hata hiyo ilimtaka mgonjwa alazwe miezi miwili ya kwanza. Mtoto wa kijiji kilicho mbali na zahanati, akirudishwa nyumbani mapema, angekosa sindano baada ya wiki moja. Nyumba ya watoto ilikuwa, kwa kweli, njia ya kuhakikisha kwamba dawa inaingia mwilini.

Kuhusu muda, ninamwamini mama yako kuliko wewe. Mama alihesabu kwa kulima, kupalilia na kuokota korosho, na hesabu ya namna hiyo haikosei kwa miaka miwili. Mtoto wa miaka sita aliyelala chali hana kalenda; siku zake zinafanana, na kila siku ina asubuhi moja ya sindano. Huko Ujerumani Magharibi, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, mamilioni ya watoto walipelekwa peke yao katika nyumba za mapumziko za pwani na za milimani ili wapate afya, kwa kawaida kwa wiki sita tu. Mwaka 2019 waliokuwa watoto wale walifanya mkutano wao wa kwanza, na wengi wao wanazisimulia wiki hizo sita kama kipindi kisichokuwa na mwisho. Ikiwa wiki sita zinaweza kumkalia mtu hivyo maisha yake yote, sishangai kwamba miezi yako imekuwa miaka mitatu.

Sasa geti. Hapa sikubaliani na dada yako, maana yeye hakuwepo, na asiyekuwepo hana haki ya kumwambia mwenzake kwamba ameota. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya watu wengi ni ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu, kwa hiyo wewe wa miaka sita ulikwisha kuwa na umri wa kukumbuka. Ninaamini kwamba siku moja ulimwona mama yako pale getini, na kwamba baada ya hapo hukumwona tena siku ile. Lakini unaposema aligeuka na kuondoka bila kukuaga, hapo umekwisha kuvuka kutoka katika ulichokiona na kuingia katika ulichokielewa, na tunachokielewa utotoni huendelea kubadilika kila tunapokikumbuka. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambamo karibu robo ya washiriki walifikia kuamini, kwa sehemu au kwa ukamilifu, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa watoto, ingawa jambo hilo halikutokea. Hawakuwa waongo hata kidogo.

Katika wodi za zamani ilifundishwa kwamba mzazi akimtembelea mtoto humvurugia utulivu. Mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza, mama akaja, saa ya kuona wagonjwa ikaisha, kilio kikaanza upya, na mtoto hakula tena siku hiyo. Kwa hiyo ikaonekana ni afadhali mama asije, au aje atazame kwa mbali. Nimewaona kwa macho yangu akina mama waliosimama nyuma ya ua, wakachungulia, wakaacha kikapu chao cha ming'oko na njugu mawe kwa mlinzi, wakaondoka kabla mtoto hajawaona, wakiamini kwamba wanamtendea hisani. Ninafikiri mama yako alikuwa mmoja wao. Ikiwa ndivyo, basi yeye anakumbuka safari zote alizokuja, na wewe unakumbuka ile moja ambayo alichelewa kujificha, na hakuna anayemsingizia mwenzake.

Huko London, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeshirikiana na daktari John Bowlby, aliwafuatilia watoto waliolazwa peke yao, na mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili hospitalini iliyowakasirisha madaktari wengi. Alieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kudai mama yake. Kisha hunyamaza kwa kukata tamaa. Mwishowe huonekana amechangamka, anacheza, anakula, hamtaki mtu fulani hasa, na mama akija humtazama kama mgeni au humgeuzia uso ukutani. Hatua hii ya tatu iliwafurahisha wauguzi, kwa sababu waliiona ni kupona. Serikali ya Uingereza iliipokea mwaka 1959 taarifa ya kamati ya Platt iliyotaka wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi, lakini mabadiliko yenyewe yalichukua miaka mingi hata huko kwao. Sasa, mwanangu, fikiri kidogo: inawezekana kabisa kwamba siku ile mtu alimgeuzia mwenzake uso, na kwamba aliyegeuka ni wewe. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Ninasema ni jambo ambalo wauguzi waliliona mara nyingi, na ambalo mama huwa halisemi kwa sababu lilimuuma.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mtoto hakuweza kuyajua. La kwanza ni usafiri. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, petroli ilikuwa adimu sawa na sabuni na sukari, na mama wa Newala aliyetaka kusafiri alingoja lori lolote litakalopita. Masika ilipochachamaa hata lori halikupita. Mama yako anaposema alikuja kila alipopata gari, sikia neno hilo lote. La pili ni mjomba. Kwa watu wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Daktari alipoomba ruhusa ya kumweka mtoto miezi mingi, mara nyingi alijibiwa kwamba mjomba bado hajafika. Basi huenda aliyekubali ubaki kule si mama yako, na huenda alikubali baada ya ubishi ambao wewe hukuusikia.

Faili lenyewe usiliwekee matumaini makubwa, kwa kuwa karatasi za mgonjwa mmojammoja na picha za eksirei za miaka ile ni vitu ambavyo mara nyingi havikutunzwa. Kinachodumu zaidi ni daftari kubwa la kulazwa, ambamo huandikwa jina, kijiji, ugonjwa, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Mwandikie barua mganga mfawidhi wa hospitali iliyokuwa ikiisimamia nyumba ile, umpe majina yako yote, jina la mama, jina la mjomba, na kijiji kama kilivyoitwa wakati huo. Ninasisitiza majina yote, kwa sababu watoto waliandikwa kwa jina la ubatizo, au la nyumbani, au la yeyote aliyewasindikiza, na aliyeshika kalamu aliandika alivyosikia. Kuhusu mwaka, muulize mama ilikuwa kabla au baada ya jambo gani kubwa: vita vya 1978 na 1979, kifo cha Sokoine Aprili 1984, au jando la binamu yako yupi. Wazee hawakosei sana katika mambo hayo.

Ikiwa nyumba ilikuwa ya Wabenedikto, walioanza Ndanda mwaka 1906, ujue kwamba watawa wana desturi ya kuandika kumbukumbu za kila nyumba yao, na kwamba makao yao mama ni abasia ya St. Ottilien huko Ujerumani. Ikiwa ilikuwa ya Waanglikana wa upande wa Masasi, kule ambako Dakta Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wetu wa Afya, alianza kazi mwaka 1935, nyaraka za misheni yao zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford. Humo zimo barua na picha za wodi. Wamisionari walipenda sana kuwapiga picha watoto vitandani ili kuwaonyesha wafadhili, na tabia hiyo, ambayo siipendi, leo huenda ikakufaa.

Kwa mama usiende na swali la kwa nini aliondoka. Muulize alipokuja alikukuta ukoje, ulikuwa umelala au umekaa, ulimwambia nini, na nani alimzuia asiingie. Mwache asimulie safari yake kuanzia nyumbani hadi getini. Ukimkatiza kwa kumkumbusha miaka mitatu yako, atanyamaza.

SWALI: Bibi, mimi ni mwanamke wa Lindi mjini. Katika nyumba ya watoto nilikolazwa zamani kitanda changu kilipakana na cha msichana mmoja tuliyependana sana. Alinifundisha kusuka ukili kwa majani ya mgomba. Asubuhi moja niliamka nikakuta godoro lake limekunjwa, na hakuna mtu mzima aliyetuambia lolote. Nimeishi nikiamini kwamba alikufa. Nitajuaje?

JIBU: Wauguzi wa siku zile hawakuwaambia watoto habari za kifo, walilikunja godoro kabla ya mapambazuko na kumwamuru kila mtu anywe uji. Kwa hiyo dhana yako ina msingi. Lakini godoro lilikunjwa vilevile kwa mtoto aliyeruhusiwa, na walioruhusiwa waliondoka alfajiri kwa sababu gari lililoelekea vijijini liliondoka alfajiri. Wapo pia waliotoroshwa usiku na ndugu zao waliochoka kusubiri, na wapo waliohamishiwa hospitali nyingine. Daftari la wodi lilikuwa na sehemu ya kuandika mgonjwa alivyoondoka: ameruhusiwa, amehamishwa, ametoroka au amefariki. Hospitali inaweza kusita kukuonyesha habari za mtu asiye ndugu yako, na itakuwa na haki ya kusita. Njia iliyo rahisi zaidi ni kumtafuta mhudumu wa wodi wa wakati ule, si sista wala daktari. Masista walihamishwa kila baada ya miaka michache, ilhali wahudumu waliofagia, waliofua na waliogawa uji walikuwa wenyeji wa jirani, walibaki mpaka wakastaafu, na wanawakumbuka watoto kwa majina na kwa vijiji. Nenda kijiji kilicho karibu na kituo kile, uulize nani alifanya kazi jikoni.

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaishi Masasi. Mwanangu ana miaka mitano, mguu wake umepinda tangu kuzaliwa, na tumepewa rufaa ya Dar es Salaam. Tumeambiwa kwamba atafungwa plasta na kubadilishiwa kila wiki, huenda akafanyiwa upasuaji mdogo, na kwamba atakaa katika hosteli ya watoto kwa wiki kadhaa. Nina mtoto mchanga wa miezi miwili. Mama mkwe anasema tumpeleke, tumwache akilala, atazoea. Nami nimewahi kumsikia mjomba wangu akisimulia alivyoachwa hospitalini utotoni, na sitaki mwanangu aje asimulie vile.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe anasema walivyosema wengi wa rika lake, nasi tusimlaumu, ila ushauri huo msiufuate. Mtoto anayelala mama yupo na kuamka mama hayupo hujifunza kwamba kulala ni hatari, na wauguzi wa usiku ndio wanaojua tabu inayofuata. Muage akiwa macho, mchana, hata kama atalia. Kilio cha kuagwa hupungua baada ya muda. Kile cha kutafuta huendelea.

Jambo la kwanza la kuuliza kabla hamjasafiri ni kama hosteli inapokea mlezi pamoja na mtoto. Siku hizi vituo vingi vinapendelea hivyo, na mara nyingi familia ndiyo isiyouliza. Ikiwa inapokea, si lazima mlezi awe wewe. Bibi yake, shangazi, au mama mdogo ambaye amekwisha kulala naye nyumba moja anatosha, mradi asiwe mtu ambaye mtoto atakutana naye kwa mara ya kwanza katika basi. Ninyi wa Masasi mna nafuu ambayo wazee wenu hawakuwa nayo: tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam haitegemei tena kivuko, na baba anaweza kwenda mwisho wa juma na kurudi.

Mweleze mtoto kwa maneno ya kweli na machache. Mwambie mguu utafungwa, utakuwa mzito, hautaweza kuloweshwa maji, utafunguliwa na kufungwa tena mara nyingi, na kwamba kuna siku utauma. Usimwambie mnakwenda kumtembelea mjomba. Mtoto aliyedanganywa mara moja kuhusu sindano hamwamini tena anayesema ugali umeiva. Kuhusu lini utakuja, usitaje tarehe, kwa sababu tarehe haimaanishi kitu kwake. Sema utakuja plasta ya pili itakapofunguliwa, kisha uje kweli. Ukijua huwezi, usiahidi.

Apewe kitu cha nyumbani ambacho hakikufuliwa: kipande cha kanga yako uliyombebea mdogo wake kinatosha. Wahudumu watataka kukifua, na uwaombe wakiache kwanza. Simu ipigwe saa ile ile kila siku, hata kama atakataa kuongea. Mwache asikilize sauti za nyumbani, kuku, redio na mdogo wake akilia. Picha za simu zipigwe za kila hatua, akiwa amefungwa, akifunguliwa, akicheza na wenzake, pamoja na jina la mhudumu anayempenda, ili atakapofikia miaka ishirini na kuuliza, asikute kila mtu nyumbani ana masimulizi yake.

Atakaporudi anaweza kukukasirikia, kukojoa kitandani, au kukufuata mpaka chooni. Hayo ni ya kawaida na hudumu wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Msimchape kwa hayo. Na msikose kumvalisha viatu vyenye kishikizo ambavyo atapewa avivae usiku, maana mguu uliorekebishwa hurudi ulikotoka visipovaliwa, na hapo mtarudia safari yote upya.

SWALI: Niliugua kifua kikuu utotoni, nikakaa nyumba ya watoto hadi nilipopona. Sasa nina miaka sitini na tano, nipo Mtama. Je, kinaweza kurudi?

JIBU: Kinaweza. Vimelea vichache huweza kubaki mwilini vikiwa vimelala kwa miaka mingi na kuamka kinga inapopungua, hasa kwa mwenye kisukari, mwenye virusi vya UKIMWI, anayevuta sigara, au asiyekula vizuri. Na mtu aliyepona kabisa anaweza pia kuambukizwa upya kama mwingine yeyote. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho jingi usiku, ukipungua uzito bila sababu, au mgongo uliougua zamani ukianza kuuma upya na miguu kupoteza nguvu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba uliwahi kutibiwa, kwa sababu taarifa hiyo inaweza kubadilisha vipimo atakavyoagiza. Vipimo na dawa hutolewa bure. Tiba ya kawaida ya mapafu sasa ni miezi sita, na kwa watoto wasio na ugonjwa mkali Shirika la Afya Duniani limekubali miezi minne tangu 2022. Hakuna atakayekulaza mwaka mzima. Ukikutwa nao, waliolala nawe nyumba moja wapimwe pia, kwanza wajukuu walio chini ya miaka mitano, ambao hupewa dawa ya kinga hata kama hawaumwi.